Gile ya Placide

Mimi si mwoga, na mnaonijua hapa mtaani Kasha mnalijua hilo. Nyoka akiingia jikoni namuua mwenyewe, wanaume wa jirani wakiwa wamepanda juu ya viti. Kwa hiyo nikisema niliogopa, mniamini. Asiyetaka aende zake, simfungi kamba.

Nilikuwa nafanya usafi ndani ya ndege, kwenye kiwanja kimoja cha upande huu wa Bukavu. Jina lake sitalitaja, bado nina watu wanaokula pale. Zilikuja ndege ndogo za Shabunda, abiria wamebanana na magunia, na wakishuka wanaacha matapishi, maganda ya ndizi, hata kuku. Ndugu yangu Parfait, kitinda mimba wa mama yetu, alipata kazi palepale ya kuongoza ndege zikishatua. Mmewaona wale wanaosimama mbele ya ndege mikono juu, wanaiita ije, ije, halafu wanapishanisha mikono kichwani isimame? Ndiye yeye. Asubuhi moja tulikunywa chai na mandazi, na akanitania mimi dada yake mkubwa: "Yaya, weye unaamuru ndoo, miye naamuru ndege." Nikamrushia tambara.

Ile kazi haifundishwi kwa maneno mengi. Mwanafunzi anasimama nyuma ya anayejua, anamtazama mgongo, na kila kitu mikono ya mwalimu inachofanya, yeye anarudia. Tunamwita kivuli. Siku mwalimu akiridhika, anavua gile yake, kile kizibao cha rangi ya machungwa, mbele yetu sote, anamvika kivuli wake, nasi tunapiga makofi. Kuanzia hapo ndege inamtii yeye. Parfait alikuwa ameshavikwa yake.

Sheria ya kwanza, mwalimu Lucien aliwapigia kelele mpaka mate yakamtoka: elisi, yale mapanga ya injini, ikizunguka, macho yasitoke kwenye ndege. Hata mama yako akuite kwa jina, usigeuke.

Kabla ya Parfait alikuwepo kivuli mwingine, Placide, mtu wa Walungu, mcheshi hadi unamsahau mume wako. Huyo aligeuka. Labda aliitwa, labda alidhani ameitwa. Aligeuka, akarudi hatua nyuma, na elisi ikamkata. Tulimzika kwao, na Lucien alilia kumshinda mama mzazi. Placide alikufa hajavikwa gile.

Basi asubuhi hiyo ya mandazi, rubani mmoja, komanda Cyprien, alishuka akamwambia Parfait: "Ule kivuli yako ya kule kwenye lupango, ni mupya?"

"Kivuli gani, komanda? Miye niko peke."

Cyprien akacheka, akaenda zake. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ndege na ndoo yangu. Nilikuwa nimemwona ndugu yangu tu, na nyuma yake majani na ule lupango, ua wa waya.

Baada ya siku chache rubani mwingine akauliza. Huyo alimwona mtu katikati ya uwanja. Kisha wa tatu akamwona nyuma kabisa ya Parfait, mikono inakwenda pamoja na ya Parfait. Sisi wa chini hatukuona kitu. Waliokaa juu, wakitazamana na Parfait uso kwa uso, ndio waliomwona. Halafu Cyprien alirudi, na safari hii hakucheka. Alinivuta pembeni.

"Maman Mélanie," alininong'oneza, "leo alimuwekea kidevu kwenye bega."

Tulirudi nyumbani na Parfait. Karibu na njia ya kwetu akanishika mkono, vidole baridi.

"Yaya, ninamusikia. Anapumua. Na siwezi kugeuka."

"Acha ile kazi! Kesho!"

"Déborah iko na mimba. Nikiacha, tutakula nini?"

Nilimtukana, nikamtukana na mke wake Déborah ambaye hakuwa na kosa lolote, kwa sababu hofu ikinishika mdomo wangu hauna breki. Usiku sikulala. Nilijua kitu kimoja tu: siku moja atashindwa kuvumilia, atageuka, na nitamwokota vipande kama tulivyomwokota Placide.

Nikamwendea Lucien. Nilidhani atanicheka. Alikaa chini polepole, mikono magotini.

"Anataka kumaliza," akasema. "Ni miye nilimuacha katikati. Anataka gile yake tu."

Jioni ndege zilipoisha tulikwenda sisi watatu, Lucien, Parfait na mimi, mahali Placide alipoangukia. Lucien akavua gile yake. Akaishika wazi kwa mikono miwili, kama unavyomshikia mtu koti aingize mikono. "Placide, mutoto wangu," akasema, "umeweza. Sasa ni weye." Tukapiga makofi. Lucien akaiachia.

Gile haikuanguka. Ilikaa hewani, mabega yamejaa. Hapakuwa na upepo. Kisha ikalegea ikaanguka chini. Lucien akaiokota, akanipa niishike. Ilikuwa na joto.

Na kweli, mambo yakatulia! Marubani hawakumwona tena mtu nyuma. Parfait akaanza tena kunitania, nikamkaangia sambaza, vile visamaki vya ziwani, tukala na fufu mpaka tumbo likauma. Nilimshukuru Mungu na Bikira Maria, nikamwomba Déborah msamaha. Nilisema yamekwisha.

Siku ya mvua ndogo, mchana, ndege ya Cyprien ilitua. Parfait akaenda mahali pake, akainua mikono. Njoo, njoo. Nilikuwa nakamua tambara langu. Ndege ikafika kwenye mstari wa kusimama.

Parfait hakupishanisha mikono.

Njoo, njoo. Ndege ikavuka mstari. Mkono mmoja wa Parfait ukashuka kuonyesha upande, na pua ya ndege ikapinda. Elisi ya kulia ikamwelekea yeye. Nilimtazama uso. Hakuwa anamtazama rubani. Macho yake yalikuwa hapa karibu, kati yake na ndege, yametulia, kama ya mwanafunzi anayetazama mgongo wa mwalimu.

Yesu wangu. Ndipo nilipoelewa. Placide hakuwa kivuli tena. Tulikuwa tumemvika. Tulikuwa tumempigia makofi. Sasa anasimama mbele, na ndugu yangu nyuma.

Niliangusha ndoo. Nikakimbia. Nikapiga kelele, "Parfait!" Hakusikia. Alianza kutembea. Kuelekea elisi. Polepole, mikono juu. Upepo wa elisi ulinipiga machoni. Nilimshika mkanda wa suruali, kwa mikono miwili. Nikavuta. Hakuja. Alikuwa mzito mno. Nikavuta tena nikijitupa chini kwa kilo zangu zote, na akaniangukia juu.

Injini zikazimika. Cyprien alishuka mbio.

"Nilimufuata mwenye gile, ule wa mbele," akasema. "Alikuwa ananiita, kuya, kuya. Parfait alikuwa nyuma yake, kivuli."

Lucien alikwenda akafungua kabati lake. Gile tuliyomvika Placide ilikuwemo, imekunjwa kama alivyoiweka, imelowa mvua.

Nilimpeleka ndugu yangu nyumbani kwa pikipiki, nikiwa nimemkumbatia kama mtoto. Hakukumbuka chochote, ila kitu kimoja.

"Asante, Yaya," alisema, akivua shati ajimwagie maji. "Ulinishika mabega kwa nguvu. Bado inauma."

Sikumshika mabega. Nilimshika mkanda.

Yalikuwepo madoa mawili ya mafuta meusi, viganja viwili, kimoja kila bega. Nilisugua kwa sabuni, kwa limao, kwa petroli. Hayatoki mpaka leo. Najua mtu akikushika kutoka nyuma akuvute, vidole vyake vinakaa mbele, kifuani. Nilijaribu kwa Déborah, nikajaribu tena, nikitumaini nimekosea.

Vidole vile viko mgongoni kwake. Vidole gumba viko mbele. Aliyemshika alikuwa amegeuka, wanatazamana, akimvuta kwake.