Foleni Iliyozaliwa na Breki

Kila asubuhi Mama Chiriku alipanda pikapu ya mumewe na kushika kishikio cha mlango. Hakukiachia mpaka washuke. Vidole vilimuuma, lakini angekiachia vipi? Mumewe alikuwa anasambaza mikate, na barabara kuu alikuwa ameigeuza uwanja wa mashindano. Madereva wenzake walimwita Kipanga. Jina lenyewe lilimvimbisha kichwa.

Katikati yao alikaa binti yao. Huyo mdomo wake haukupoa, ndiyo maana akaitwa Chiriku. Lakini alikuwa na pumu. Moshi ukimzidi, kifua kilimbana, na maneno yote yaliisha.

"Baba, taa nyekundu za lori hizo!" alipiga kelele asubuhi moja.

"Nimeziona." Kipanga akakanyaga breki. Wote wakarushwa mbele kama magunia. Pua ya pikapu ilibaki kidogo tu iguse lori.

Mama Chiriku roho ilimruka. "Baba Chiriku, mbona unaliganda lori la watu hivyo? Acha nafasi, jamani!"

"Niache nafasi? Nikiacha nafasi mtu anachomekea gari lake mbele yangu. Akichomekea mmoja, wanachomekea wote. Tutafika kesho."

Akakanyaga mafuta, injini ikanguruma. Mara breki tena. Mara mafuta tena. Hivyo ndivyo alivyoendesha, na hakuna aliyemweza.

Walipita chini ya daraja la waenda kwa miguu. Juu yake alisimama dada mmoja na kamera yake. Alikuwa jirani yao, mtafiti wa mambo ya barabara. Kipanga alinuna.

"Mpelelezi yule. Siku moja atatuchongea kwa trafiki."

"Dada wa watu anafanya kazi yake," alisema mkewe.

"Kazi gani ya kutazama magari? Hata mbuzi hutazama magari."

Chiriku alicheka mpaka akakohoa.

Siku moja mtoto aliamka na mafua. Mama yake akabaki naye nyumbani. Kipanga aliondoka peke yake, na wala hakukumbuka kwamba dawa ya kuvuta ya mtoto ilikuwa ndani ya pikapu, kwenye kisanduku cha mbele. Huko ndiko walikozoea kuiweka.

Haukupita muda, kifua cha Chiriku kikambana. Mama yake akapapasa juu ya kabati, akapapasa chini ya mto. Ghafla akakumbuka. Dawa ilikuwa kwenye pikapu. Akapiga simu, mumewe hakupokea. Akambeba mtoto, akatoka mbio hadi kwa jirani mwenye teksi, ile nyeupe yenye mlango mmoja wa bluu.

"Ingia, shemeji," alisema jirani. Akawasha gari.

Walipoingia barabara kuu, magari yalikuwa yanakwenda vizuri. Halafu taa nyekundu zikawaka mbele, mstari mzima. Teksi ikasimama.

"Kuna ajali?" Mama Chiriku aliuliza.

"Sioni kitu, shemeji. Funga kioo. Na mimi nafunga hewa ya nje, moshi usiingie."

Kushoto lori lilikuwa linaunguruma. Kulia basi lilikuwa linatoa moshi mweusi. Hata vioo vilipofungwa, harufu ilikuwa imeshaingia. Chiriku alikuwa anavuta pumzi kwa shida, mabega yakipanda na kushuka. Kifua kilikuwa kinapiga mluzi.

"Chiriku, sema na mama. Sema lolote."

Mtoto alimtazama tu. Midomo yake ilianza kubadilika rangi. Mama Chiriku hakuwahi kuogopa namna ile. Alifungua mlango wa bluu, akatoka nje na kupunga taulo alilomfunikia mtoto.

"Jamani, nina mgonjwa! Nipisheni!"

Wampishe waende wapi? Wote walikuwa wamekwama. Aliona macho ya madereva yakimhurumia, basi. Akarudi ndani, akamkalisha mtoto wima kifuani pake.

Mara magari yakaanza kwenda, kama vile hakukuwa na lolote. Wakapita chini ya daraja. Hakukuwa na ajali. Hakukuwa na gari bovu. Hata jiwe barabarani hakuna.

"Sasa tulikuwa tunasimamia nini?" alilia Mama Chiriku.

Jirani aliongeza mwendo. Alikaza macho mbele.

Zahanati walimpokea mtoto mikono miwili. Akavalishwa kifaa cha mvuke wa dawa, pumzi zikarudi taratibu.

"Mngechelewa kidogo..." muuguzi alisema, hakumalizia. "Na dawa hii, mama, anakaa nayo mtoto. Haikai garini."

Jioni Kipanga alikuwa ameketi kando ya kitanda cha mtoto, amenywea. Dada mtafiti akaja kumjulia hali mgonjwa. Kipanga alimgeukia kwa hasira.

"Wewe unayeshinda darajani, hebu niambie. Nani alifunga barabara leo, mwanangu akataka kufa?"

Dada alisita. "Kaka, nilirekodi. Unataka kuona kweli?"

"Nataka nimjue."

Dada akafungua kompyuta yake. Barabara ilionekana kutoka juu. Pikapu ya mikate ilikuwa imeliganda lori. Lori likapunguza mwendo kidogo tu. Pikapu ikafunga breki kwa nguvu. Gari la nyuma yake nalo likaiganda, likafunga kwa nguvu zaidi. La nyuma yake, zaidi. Taa nyekundu zikarudi nyuma, gari kwa gari, mpaka huko nyuma kabisa magari yakasimama. Pikapu yenyewe ilikuwa imeshakwenda zake.

Kisha ikaonekana teksi yenye mlango wa bluu. Mwanamke akatoka, anapunga taulo.

Mama Chiriku akaziba mdomo.

"Niliwafungia njia mimi," alisema Kipanga.

"Si wewe peke yako, kaka. Wote mlikuwa mmegandana. Mngeacha nafasi, kila mmoja angeondoa mguu kwenye mafuta polepole, na foleni isingezaliwa."

"Na wanaochomekea?"

"Waache. Wewe punguza kidogo, nafasi irudi. Chagua nguzo mbele. Gari la mbele likiipita, hesabu taratibu: moja, mbili, tatu. Ukiifikia kabla ya tatu, umekaribia mno. Mvua ikinyesha, ongeza. Na moshi je? Kila ukikanyaga mafuta ghafla, injini inatapika moshi na kumeza mafuta. Ukifunga breki, mafuta yale umeyamwaga bure. Hata asubuhi, ukiliacha gari liungurume chini ya dirisha la Chiriku, moshi wote anaunywa yeye."

Kipanga hakubisha. Alimshika mtoto mguu, akalia waziwazi.

Tangu hapo hakuliacha tena gari liungurume dirishani. Dawa ilikaa kwenye mkoba wa Chiriku. Madereva wenzake walimtania, "Kipanga siku hizi kobe!" Akacheka nao. Lakini breki zake hazikuisha upesi tena, na mafuta yalimbakia.

Asubuhi moja walikuwa barabara kuu. Chiriku alikuwa anahesabu nguzo. "Moja, mbili, tatu. Moja, mbili..." Akanyamaza.

Mama yake akageuka ghafla. Kimya kile alikifahamu. Akainama haraka, akaweka sikio mdomoni mwa mtoto. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka, laini, bila mluzi.

Chiriku alikuwa amelala. Tangu azaliwe hakuwahi kulala ndani ya gari la baba yake.

Mara gari dogo likachomekea mbele yao. Mama Chiriku akakaza vidole kwenye kishikio, akasubiri breki. Haikuja. Kipanga aliondoa mguu kwenye mafuta, pikapu ikapungua mwendo, mtoto hata hakutikisika.

"Mwache apite," alisema. "Pengine ana mgonjwa."

Mama Chiriku akakiachia kishikio.