Nani Aliyefungua Turubai?

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia kwenye kibanda cha mama yake kando ya yadi ya makontena. Alivua viatu vya shule, akanawa mikono, akala chakula alichowekewa, kisha akashika pindo la turubai na kulivuta ili lisikunjamane mama akishona. Kazi ya mikono haikumzuia kuongea. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu hiyo. Hata mwalimu wake alijisahau siku moja akamwita hivyo hivyo mbele ya darasa.

Mama yake alikuwa fundi wa maturubai. Yadi ilikuwa na makontena ya kila namna, lakini yeye alihusika na yale yasiyo na paa.

"Kontena la kawaida ni kama kabati," mama alimweleza. "Vitu unaviingiza mlangoni. Sasa mashine ndefu kuliko mlango utaiingizaje? Uikate miguu? Ndiyo maana haya yameachwa wazi juu. Kreni inateremsha mzigo taratibu kutoka juu, kama unavyotumbukiza kijiko kikombeni. Vyuma chakavu navyo humwagwa humo kwa juu. Halafu ndipo ninapoingia mimi, maana bila turubai mzigo utaoga mvua."

Zamani mdogo wake Chiriku, mvulana wa miaka kumi waliyemwita Kiroboto kwa kurukaruka, alikuwa akija naye. Siku hizi hakuonekana. Alisema ana mazoezi ya mpira shuleni kwao, na jioni alirudi nyumbani akiwa na vumbi la kutosha kumfanya mama aamini.

Mambo yalianza kumtatiza Chiriku siku mama alipomtuma kupeleka kamba kwa vibarua wa yadi. Nyuma kabisa, karibu na ukuta, yalipangwa makontena matupu yaliyosubiri mzigo. Chiriku alipita hapo na macho yake yakanasa kwenye kamba ya turubai moja. Mama alikuwa na fundo lake, bapa na lililobana, ambalo Chiriku angeweza kulitambua hata gizani. Fundo aliloliona halikuwa la mama. Lilikuwa na masikio mawili yaliyoning'inia.

Mtu alikuwa amefungua turubai, kisha akalifunga tena.

Alipoinua macho, alimwona mlinzi mpya. Mlinzi huyo alivaa miwani myeusi jua likiwaka na mawingu yakitanda, kwa hiyo wote walimwita Miwani. Alikuwa akizunguka kontena lile polepole. Aligonga ubavu wake kwa rungu, akatega sikio, akagonga tena. Halafu akaangalia kushoto na kulia, akaegemeza ngazi, akapanda, akapenyeza mkono chini ya turubai. Alipoteremka, mfuko wake wa kitambaa uliokuwa mtupu ulikuwa umetuna.

Chiriku alijibanza nyuma ya pipa lililokuwa ukutani.

"Shikamoo, mjomba," alisema kwa sauti nyembamba Miwani alipompita.

Miwani alishtuka. "Marahaba. Unafanya nini huku? Huku si mahali pa watoto. Nenda!" Akauhamishia ule mfuko upande wa pili, mbali na macho ya Chiriku.

Mwizi, Chiriku aliwaza. Mtu asiye na la kuficha hafichi mfuko.

Tangu siku hiyo hakumwondolea jicho. Miwani akicheka na dereva, Chiriku aliona wanagawana siri. Miwani akinyamaza, aliona anapanga. Hata alipompa mama maji ya kunywa, Chiriku aliyatazama maji yale kana kwamba yameibwa.

"Mama, yule mlinzi simwamini."

"Kakufanya nini?"

"Hajanifanya kitu. Lakini anafungua maturubai."

Mama aliacha sindano hewani. "Umemwona akifungua?"

Chiriku alisita. Alikuwa ameona fundo, na alikuwa amemwona mtu. Kufungua kwenyewe hakukuona. "Ninajua tu," alisema.

"Kujua tu si kuona. Nitamuuliza msimamizi. Wewe funga mdomo."

Kufunga mdomo! Kesho yake shuleni Chiriku alimnong'oneza rafiki yake, tena kwa kiapo kwamba asimwambie mtu. Rafiki alimwambia dada yake, naye dada aliwaambia wanawake waliouza chai langoni mwa yadi. Kila ilipopita, habari iliongezwa chumvi. Mfuko ukawa gunia, gunia likawa gari zima la mali. "Lisemwalo lipo," watu walisema, "na kama halipo, laja." Muuza chai aliyezoea kumtania Miwani sasa alimmiminia chai bila kumtazama, kisha akakisugua kikombe chake kwa nguvu kuliko vingine.

Msimamizi wa yadi, mtu mwenye haraka hata akiwa amekaa, naye alisikia hayo kabla mama hajapata nafasi ya kumuuliza. Hakuuliza mengi. Alimwita Miwani mbele ya vibarua.

"Kuanzia leo unakaa langoni. Nyuma huko usikanyage."

"Lakini bosi, nilikwambia kuhusu yale makontena ya ukutani. Mimi huyagonga kwa sababu—"

"Na mimi nilikwambia ni paka. Langoni!"

Miwani alikwenda. Chiriku, aliyekuwa akitazama kutoka kibandani, alijisikia kama askari aliyemkamata jambazi. Lakini Miwani alipoketi kwenye kiti cha langoni, alivua miwani yake na kuyafuta macho kwa kiganja. Jicho moja lilikuwa jekundu na lenye maji, na alilikinga jua kwa mkono. Chiriku alitazama pembeni. Kumbe ile miwani haikuwa ya kujificha! Shaka ndogo ilimchoma, lakini aliipuuza.

Alasiri moja mambo yaligeuka. Kreni ilikuwa ikinguruma huko nyuma. Ilikuwa siku ya kupakia vyuma chakavu, na kucha kubwa la chuma lilichota lundo la rimu, mabomba na vipande vya mabati kwa kelele za kutoboa masikio. Mvulana mmoja aliyevaa jezi alisimama mlangoni mwa kibanda.

"Dada, Kiroboto yuko wapi? Mwalimu wa mpira anauliza. Wiki nzima hajaja mazoezini, na wenzake wawili vilevile."

Mama aliinua kichwa. "Hajaja? Kila siku anatoka huko!"

Chiriku aliliachia pindo la turubai. Macho yake yaliteremka kwenye viatu vya yule mvulana, kwenye kamba zilizofungwa kwa masikio mawili, kama watoto wote wanavyofundishwa. Kama yeye mwenyewe alivyomfundisha Kiroboto kufunga viatu. Na kama lilivyokuwa fundo la kwenye turubai.

"Mama! Wako ndani ya kontena!"

Alikwisha kutoka mbio kabla mama hajasimama. Nyuma ya yadi, vibarua walikuwa wameshakunja turubai la kontena la ukutani kwa fito ndefu, wakiwa wamesimama chini. Kuta zake zilikuwa ndefu kuliko mtu. Hakuna aliyeona ndani. Kucha la chuma lilikuwa limejaa na linageuka hewani. Chiriku alipiga kelele, lakini sauti yake ilimezwa na injini. Kibarua mmoja alimfukuza kwa mkono.

Aligeuka akakimbilia langoni, kwa mtu yule yule.

"Mjomba! Filimbi! Kuna watoto ndani ya kontena!"

Miwani angeweza kuuliza maswali. Angeweza kusema amekatazwa kukanyaga nyuma. Hakufanya hivyo. Alichomoa filimbi na kukimbia huku akiipuliza mfululizo, mikono yote miwili ikiwa juu imepishana. Mwendesha kreni alimwona. Kucha likasimama likining'inia juu ya kontena, likitikisika. Rimu moja ikachomoka, ikaanguka ndani kwa mshindo.

Injini ilizimwa. Katika ukimya ule, mtoto alisikika akilia.

Miwani alipanda ngazi, akaruka ndani. Mmoja mmoja aliwapitisha juu watoto watatu waliokuwa wamejikunyata pembeni, chini ya mkunjo wa turubai. Waliposikia watu wazima walijificha kwa kuogopa viboko, na injini ilipoanza kunguruma hakuna aliyesikia mayowe yao. Wa mwisho alikuwa Kiroboto, mzima, ila mweupe kwa vumbi na hofu. Rimu ilikuwa imeangukia hatua chache kutoka alipokuwa amekaa.

Mama alimkumbatia, akamfinya sikio, akamkumbatia tena.

Miwani alikwenda kwenye chumba cha walinzi na kurudi na mfuko wake. Aliumwaga chini: mpira wa kuchezea, maganda ya ndizi, kanga kuukuu ya mama iliyopotea, gololi.

"Niliviona humo ndani nikajua kuna watoto," alisema. "Kila jioni nilivitoa ili wachoke kurudi, nikauficha mfuko ili mtoto yeyote asijue ni nani anayevitoa. Na kabla ya kontena kupakiwa niligonga, nikasikiliza. Nilimwambia bosi."

Msimamizi alitazama viatu vyake. "Uliniambia," alikiri. "Sikukusikiliza. Nisamehe."

Chiriku alisikia yote hayo. Angeweza kunyamaza, siku hiyo wote walimwona shujaa. Lakini alimsogelea Miwani.

"Mjomba, maneno yale yalitoka kwangu. Mimi ndiye niliyesema wewe ni mwizi. Sikuona ukiiba chochote. Ungekuwepo huku leo, ungegonga. Karibu nimuue ndugu yangu." Akaangua kilio.

Miwani alichuchumaa mbele yake. "Uliona nini hasa, binti yangu, siku ile?"

"Fundo ambalo si la mama. Na wewe ukiwa na mfuko."

"Ungesema hilo tu, bila kuongeza neno 'mwizi', fundi angekuja kulitazama fundo, na watoto wangepatikana siku hiyo hiyo. Nami pia nilikosea. Nilipuuzwa mara moja nikakata tamaa. Nilipaswa kumwambia mama yako."

Tangu siku ile, msimamizi aliamuru kwamba hakuna kontena lisilo na paa litakalopakiwa kabla mtu hajapanda ngazi na kuchungulia ndani, na kazi hiyo alipewa Miwani. Pipa walilopandia watoto liliondolewa ukutani. Kiroboto na wenzake waliosha vibanda vya yadi Jumamosi nzima, kisha wakarudi mazoezini.

Kazi ya Chiriku ilikuwa ngumu zaidi. Mama alimshika mkono wakaenda kwa kila aliyepelekewa yale maneno, ili ayafute kwa mdomo ule ule. Wengi walimwelewa. Muuza chai alifunika uso kwa aibu, akakimbia kumwomba Miwani radhi. Lakini mwanamke mmoja aliguna tu: "Hmm, wanasema hakuna moshi bila moto." Chiriku alieleza tena, mwanamke yule akaguna tena.

Njiani kurudi Chiriku alikuwa kimya, jambo ambalo lilimshangaza hata mama.

"Mama, yule haamini. Nifanye nini?"

"Huenda asiamini kamwe," mama alisema. "Ndiyo maana neno la kumshuku mtu huchungwa kabla halijatoka. Kuwa na shaka si kosa, mwanangu. Macho umepewa uyatumie. Lakini ukiona jambo, mwambie anayehusika, na useme ulichokiona, usiseme ulichokidhani. Mchuma janga hula na wa kwao, na siku ile nusura tulile sote."