Vumbi Kuanzia Kintampo

Mvua ilikuwa haijakatika Accra wiki nzima na madirisha yalikuwa yamefungwa, lakini ramani waliyoitandaza mezani ilikuwa imejaa vumbi jekundu la kiangazi. Kusini, pwani na misituni, karatasi ilikuwa safi. Vumbi lilianzia Kintampo, katikati ya nchi, kwenda juu kaskazini.

"Kwenu kumeshatutangulia," Ofori alimtania mkewe.

"Niache, mume wangu. Nimechoka." Rahinatu alilipangusa. Likarudi.

"Haya. Tunalala Kumasi kwa mama, tunakula fufu. Kesho yake tunatoka msituni, tunaikamata nyika hadi Tamale, halafu Yendi, mama yako akuone kabla macho hayajamwisha."

Alipotaja Yendi, harufu ya mafuta ya shea yaliyoungua ilijaa sebuleni, na nyuma ya kiti cha Rahinatu kitu kikavuta pumzi, polepole, pumzi ndefu ya mtu aliyepanda mlima na mzigo kichwani, kikaivuta na kuivuta bila kuitoa, hadi mapazia yakanyooka kuelekea mgongoni kwake na nywele za kisogo chake zikasimama.

"Umesikia?" Ofori alinong'ona.

"Kila siku," alijibu. Hakugeuka hata kutazama.

Asubuhi walimwita Afa Yidana, mganga wa Kidagomba, kabila la Rahinatu, aliyekaa mtaa wa pili.

"Kilinishika bwawani nikiwa msichana," Rahinatu alimweleza. "Kila nikipanga kurudi, gari linakufa, au mimba inatoka. Afa, sina nguvu tena."

"Kinaogopa kwenu, mwanangu. Huku kinakumiliki peke yake. Kule wapo wanaolijua jina lake."

Akamsomea, akamnywesha kombe. Rahinatu alitapika maji meusi yenye harufu ya tope la bwawa, kisha akalala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu aolewe.

Alipoamka jua lilikuwa linachwea. Mabega yalikuwa mepesi. Ofori alikuwa ameketi mbele ya ramani, kidole chake juu ya barabara ya Yendi.

"Umeamka? Njia hii mbovu. Tusiende."

"Lakini mama ananingoja," alijibu huku akipiga miayo.

"Tumechoka, Rahinatu. Tukae."

Hapo ndipo alipotambua wanazungumza Kidagbani, lugha ya kwao Yendi, Kidagbani cha wazee, na Ofori, mtoto wa Kumasi, hakuwahi kujua hata salamu yake.