Barua Zilizolifunga Darasa la Redio

"Mwalimu, mwanangu hagusi tena hayo maredio yenu!"

Mama Kokuberwa alisimama mlangoni mwa darasa, karatasi mkononi. Mwalimu Mwanabaraka akaweka chaki chini. Mwezi mzima alizunguka Temeke akiwabembeleza wazazi: taifa linajengwa na mafundi, na mafundi si wanaume peke yao, waacheni mabinti wabaki Jumatano baada ya masomo, wajifunze umeme na kutengeneza redio. Alipata saba. Leo hajaja hata mmoja.

"Kuna nini, mama?"

"Soma mwenyewe."

Barua haikuwa na jina. Ilisema mwalimu ana uhusiano na fundi Hija anayemsaidia kufundisha, na kwamba darasa ni kisingizio chao tu.

Jioni alimsimulia Salumu, mchumba wake, karani wa kiwandani. Harusi ilikuwa imebaki wiki mbili.

"Achana na hilo darasa, Mwana," Salumu akasema. "Barua saba, nyumba saba. Utazijibu zote?"

Mwanabaraka akaweka kikombe chini.

"Mie nimekwambia barua moja."

Salumu akageuzia macho dirishani.

"Nani kakwambia saba, Salumu?"

"Si... wanafunzi wako saba..."

"Niangalie usoni."

Hakuweza.

"Niliogopa," akanong'ona. "Mie nimeishia la saba. Wewe na Hija mkianza habari za umeme, nakaa kama sipo. Nikajua kesho keshokutwa utanikinai."

"Ndiyo ukaamua kunivua nguo mbele za watu?"

"Nisamehe. Harusi..."

"Harusi ipi? Nenda nyumba kwa nyumba, ukaseme kwa kinywa chako."

"Nitaonekanaje Temeke hii?"

"Mie naonekanaje sasa hivi?"

Salumu akaondoka bila kuaga.

Kesho yake mkuu wa shule akamwambia Mwanabaraka: wazazi wasipobadili msimamo hadi Jumatatu, darasa linafungwa. Chakula kikamshinda. Kila hodi ikipigwa, anakimbilia mlango. Akifungua, si Salumu.

Jumapili asubuhi ndipo alipokuja, shati limemganda mgongoni kwa jasho.

"Nisindikize. Peke yangu miguu haiendi."

Wakaanza kwa Ndugu Adelard, baba yake Kokuberwa, balozi wa nyumba kumi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Semeni."

"Ile barua... niliiandika mie. Ni uongo mtupu. Wivu ulinishika."

Ndugu Adelard alimkazia macho mpaka Salumu akaanza kupangusa kidevu.

"Yaani umemchafua mwenzio, na mwanangu ukamkosesha elimu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kokuberwa! Njoo usikie mtu mzima akiomba radhi."

Msichana akatoka jikoni, mikono imejaa unga. Hakumtazama Salumu hata kidogo, akamgeukia mwalimu.

"Mwalimu, Jumatano tuje?"

Mwanabaraka akamshika bega. Akaitikia kwa kichwa.

Walipotoka nje, Salumu akauliza taratibu:

"Na sie je?"

"Sijui, Salumu. Haki ya Mungu sijui. Bado nyumba sita. Twende kwa Bi Mwajabu, na yule ana mdomo, jiandae."

Akatangulia. Hatua chache mbele akasimama, akamngoja.