Shubaka la Saba

Kwanza kilipotea kicheko. Tereza alimtania mumewe asubuhi, na Ndalahwa, fundi mwashi wa Mkuyuni, akafungua mdomo acheke. Ikatoka harufu ya saruji mbichi tu.

"Baba Selina, umekula nini?"

Ndalahwa alijua ilikoanzia.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Venant, mjukuu wa mtemi, alikuwa ametajirika kwa minofu ya sangara, akataka ukoo wake uzikwe kama mabwana wa Kiingereza wa zama za Malkia Viktoria. Picha alileta mwenyewe. Ndalahwa akamjengea huko Kisesa nyumba ya wafu: kuba juu, nguzo nne, mlango wa chuma, na ndani mashubaka saba ya kulaza majeneza. Miezi minane, jamani! Na mwamba waliopasua kupata mawe, wazee walisema una mwenyewe.

Koo zao ni watani. Msibani mtani huingia kaburini akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Kwa hiyo juzi, kazi ilipoisha na Venant akasema, "Mtani, hebu lala humo tuone kama panatosha," Ndalahwa alijitupa ndani ya shubaka la saba.

"Sitoki mpaka nipewe mbuzi!"

Venant hakucheka. "Basi kaa. Nyumba ni yako." Akaondoka. Ndalahwa akajitoa mikono mitupu, akarudi nyumbani.

Mchana wa siku ile kicheko kilipopotea, sauti ya Ndalahwa nayo ikawa mnong'ono. Tereza akampeleka kwa mganga Mhoja, naye akamnusa mdomo, akarudi nyuma.

"Jini wa mwamba alidai mtu, ndipo awaache wenye nyumba. Na mtu huyo huingia kwa hiari yake. Wewe hukutoka wote. Shubaka likiwa wazi, utajitoa. Likizibwa, basi tena."

Njiani kwenda Kisesa Ndalahwa alimnong'oneza Tereza, "Venant ni mtani wangu. Hawezi."

Aliweza. Shubaka la saba lilikuwa limezibwa kwa jiwe lile lile ambalo Venant alimkataza kuligeuza tangu siku walipochimba msingi, na sasa lilikuwa limegeuzwa, na upande uliofichwa miezi yote minane ulikuwa na jina, NDALAHWA, herufi zake zimejaa vumbi la zamani, na buibui alishajenga ndani yake. Usaliti wa mtani ulimuuma Ndalahwa kuliko hofu. Akagonga jiwe kwa mwiko.

Ndani mtu akacheka.

"Sitoki mpaka nipewe mbuzi!"

"Baba Selina!" Tereza akalikimbilia jiwe, akalikumbatia. "Baba Selina, nipo hapa!"

Ndalahwa alikuwa nyuma yake. Alimshika bega, na Tereza hakugeuka, kama asiyeguswa na mtu.