Betri ya Maiki ya Callum

Naapa, yote haya ni kweli tupu. Nikidanganya hata neno moja, Maxine wangu aniache.

— Kesho jukwaani uniite wako mbele ya watu, Callum. Ama sivyo nakwenda zangu!

— Max, meneja ataniua. Mashabiki wanatutaka makapera.

— Miaka mitatu naitwa binamu yako. Binamu gani anabusiwa stoo?

Ndivyo walivyogombana, Oldham, mwaka tisini na saba. Callum alikuwa mmoja wa vijana watano wa Kingsley Row, kundi la waimbaji lililofanya wasichana wazimie mpaka magari ya wagonjwa yakaisha Manchester nzima. Mimi, Des, nilikuwa fundi wao wa sauti.

Kesho yake Callum akasogea mbele, akafungua mdomo. Kimya. Betri ya maiki ilikuwa imekufa. Maxine akatoka analia. Kundi likavunjika, likarudiana, likavunjika tena. Mimi nilimpelekea Maxine chai. Chai ikazaa ndoa.

Nilikuwa nimeandika mpaka hapa, Maxine akasimama nyuma yangu, simu mkononi.

— Wanarudiana tena, Blackpool. Ukumbi wa bingo. Callum kanitumia ujumbe.

— Huyo naye! Bado anapaka nywele rangi?

— Soma.

"Max, tumezeeka, naomba nikuulize. Usiku ule nilisema wewe ni wangu. Mbona uliondoka? Picha ya usiku huo hii hapa."

Pichani Callum ameshika maiki kwa mikono miwili, machozi mashavuni.

— Des, hiki kinachoning'inia ni nini?

— Waya.

— Maiki ya waya ina betri?

Nikakohoa.

— Meneja ndiye aliyeniamuru nimzime, mpenzi. Callum akiimba, mbwa wa Oldham wanamwitikia.

— Kwa hiyo hata wewe hukumsikia.

Hapo ningetikisa kichwa tu, yakaisha. Nilishindwa.

— Nilimsikia. Kwenye hedifoni; nilizima spika za ukumbini tu. Kila neno.

— Na kidole chako kilikuwa wapi?

— Juu ya swichi.

Akavaa koti.

— Unakwenda kwake?

— Kwake? Ana mke na wajukuu, Des. Nakwenda kwa dada, Rochdale. Usinipigie.

Akafunga mlango taratibu. Angeubamiza, ningepata nafuu.

Chai yake iko hapa, imepoa. Niliapa mwenyewe, pale juu kabisa. Sifuti kitu.