Nigeuze Uso

Haya yalimpata Boaz, jirani yetu pale Kosele. Mwenyewe ndiye aliyeyasimulia, na muda wote alikuwa ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

Siku hiyo ilikuwa ya soko, jua limewaka vizuri, watu wengi. Boaz ana kibanda cha michezo ya kompyuta nyuma ya maduka ya mahindi. Mchezo uliokuwa ukijaza mabenchi ulikuwa wa zamani sana, wa kuwinda mizimu msituni. Ili watu wasiuchoke, Boaz aliuongezea modi, vile vipande ambavyo mashabiki hutengeneza ili kubadilisha mandhari na sura za wahusika. Modi moja aliitengeneza mwenyewe. Alichukua picha ya mama yake mdogo, Truphena, akaibandika kwenye uso wa mzimu mkubwa kuliko wote.

Kijijini walikuwa wakinong'ona kwamba Mama Truphena ni jajuok, mtu anayekimbia uchi usiku na kutisha watu milangoni mwao. Hakuna aliyewahi kumwona. Aliishi peke yake tu, na alipenda kwenda mtoni kabla wengine hawajaamka. Ndiye aliyemlea Boaz mama yake alipofariki. Lakini wateja walipomwambia Boaz kwamba huyo mzimu anafanana na yule mama wa kule chini, alicheka pamoja nao. Aliona heri awe mtu wa kumcheka kuliko kuchekwa pamoja naye. Na ile picha aliipiga kwenye harusi ya Caren, binti ya Truphena. Mama alikuwa anacheka kwa sababu aliyeshika simu alikuwa Boaz.

Basi mchana Truphena akaja na bakuli la samaki, limefunikwa kwa sahani. Akasimama mlangoni, akaangalia skrini. Jamaa mmoja alikuwa anampiga risasi usoni. Anaanguka, anainuka, anapigwa tena.

"Wuoda," alisema polepole. "Mwanangu, huyo ni mimi?"

Boaz alijifanya anapanga nyaya. "Ni mchezo tu, mama."

Truphena akaweka bakuli juu ya meza. "Kama ni lazima nikae humo, basi nigeuze uso. Nisiwe nawatazama wakinipiga."

Akaondoka. Mtu mmoja akakohoa ili asicheke. Boaz angeweza kuzima mashine wakati ule ule. Hakuzima. Aliona aibu kuonekana ameona aibu.

Punde mchezo ukakwama. Uliporudi, picha ilikuwa nyembamba, imebanwa katikati. Kushoto na kulia weusi mtupu. Na ule mzimu mkubwa ulikuwa umesimama kimya, umewapa mgongo.

"Bosi, modi yako imeharibika," jamaa akasema.

Boaz alidhani faili zimegongana. Akaitoa ile modi, akafungua mchezo. Yule mama bado yupo, na kitambaa chake cha kichwani. Akatoa modi zote. Bado yupo. Akafuta mchezo wote, akauweka upya kutoka kwenye diski yake ya kwanza, mchezo usiojua sura ya mtu yeyote wa Kosele.

Bado yupo. Sasa ameketi. Kwenye kigoda. Mgongo kwao.

Wateja walitoka mmoja mmoja. Hakuna aliyeaga.

Boaz alibaki peke yake, na kelele za soko nje. Akajiambia shida ni skrini. Mchezo ulitengenezwa enzi za skrini za mraba, na yake ni pana; michezo mingine ilikuwa imemsumbua hivyo hivyo. Akafungua faili ya mipangilio. Akabadilisha vipimo vya upana na urefu. Akahifadhi. Akafungua tena.

Weusi wa pembeni ukaondoka. Picha ikajaa.

Hapakuwa na msitu. Palikuwa na ukuta wa udongo. Dirisha dogo. Pazia la maua. Ilikuwa sebule ya Mama Truphena, ambayo Boaz hakuwahi kuipiga picha. Hakuwa ameingia humo tangu afungue kibanda. Mbele ya uso wa yule aliyeketi, msumari. Kwenye msumari, picha ya Boaz siku aliyomaliza darasa la nane, akitabasamu.

Mama alikuwa akiitazama.

Boaz akabonyeza kitufe cha kutoka. Kimya. Akabonyeza tena. Akachomoa waya ukutani. Skrini ikafa polepole, kutoka pembeni kuja katikati. Mgongo ndio uliopotea mwisho.

Simu ikaita. Ni Caren.

"Boaz," alinong'ona. "Nimefika kwa Mama, nimemkuta ameketi, ameangalia ukuta. Namwita, haitiki."

Alikimbia hadi kule chini bila kufunga kibanda. Alimkuta kwenye kigoda, kitambaa kichwani, mikono imeshapoa. Akapiga magoti nyuma yake. Alitaka kusema nisamehe, lakini Caren alikuwa amesimama pale, na angeuliza ni kwa lipi.

Walimlaza kitandani. Caren aliporudi sebuleni kuondoa kigoda, akainua macho.

"Hii picha uliibadilisha lini?"

Boaz akatazama. Kioo kilikuwa kizima. Vumbi la fremu halikuguswa, na utando wa buibui bado ulishika pembe yake ukutani. Ndani, mvulana aliyetabasamu miaka yote hiyo alikuwa amewapa kisogo.

Mgongoni mwa shati lake la shule palikuwa na kiraka, kimeshonwa kwa uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe. Mpiga picha alisimama mbele siku ile, hakukiona. Kiraka hicho kilikumbukwa na watu wawili tu: aliyekivaa, na mama aliyekishona kwa sababu hakuwa na uzi mwingine.